Tuwaache watoto wa Goma wabishane na kompyuta

Alhamisi ya tarehe 27 Mei 2021 ilinikuta kwenye barabara ya Sake, godoro kichwani, katikati ya umati wa watu wa Goma waliokuwa wakihama. Mlima Nyiragongo ulikuwa umetema lava Jumamosi iliyotangulia. Ardhi ilikuwa haijaacha kutetemeka, nyufa zilikuwa zimefunguka katikati ya mji, na alfajiri hiyo gavana alikuwa ametangaza kwamba kartiye kumi zihame, maana magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji na chini ya ziwa. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni na bidoni ya njano mkononi alinitambua. "Mwalimu," akasema, "wanasema ziwa litalipuka. Maji yanalipuka namna gani?" Nikamwambia kuna gesi chini. Akatembea hatua kadhaa, akageuka tena: "Sasa hiyo gesi, kwa nini haitoki leo? Inangoja nini?"

Sikuwa na jibu la kumpa akaelewa. Nilikuwa na namba tu. Namba za Ziwa Kivu nazijua kama ninavyojua majina ya ndugu zangu: kina cha mita 485 pale penye kina kirefu kuliko pote, kilomita za ujazo 300 hivi za hewa ukaa na 60 hivi za methani, zote zimeyeyuka ndani ya maji ya chini. Nimeziandika ubaoni miaka mingi. Wanafunzi wamezinakili, wamezikariri, wamezirudisha kwenye mtihani wakapata pointi. Lakini yule mama hakuuliza gesi ni kiasi gani. Aliuliza ni kitu gani kinaishikilia, na ni kitu gani kingeweza kuiachia. Elimu ya mazingira karibu yote imejaa maswali ya namna hiyo: nini kinasukuma nini, kwa muda gani, na mpaka wapi kabla mambo hayajageuka ghafla. Chaki haitembei. Ziwa nililochora ubaoni limetulia vilevile kama linavyoonekana limetulia ukilitazama kutoka ufukweni, na hapo ndipo ninapompotosha mtoto bila kukusudia.

Ndiyo maana nimekuwa mtetezi wa miigo ya kompyuta, ile ambayo wengi huiita simulesheni. Unabadilisha kitu kimoja kwenye skrini, unaona matokeo yakitembea mbele yako, unarudisha, unabadilisha kingine. Kwa mji unaokaa kati ya volkeno na ziwa lenye gesi, chombo ambacho mtoto anaweza kukosea nacho mara mia bila mtu kuzikwa ni chombo cha thamani kubwa. Ila naitetea kwa sharti moja, nalo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Kila mwigo umeundwa na mtu. Ni dai la mtu huyo kuhusu jinsi dunia inavyokwenda, na dai halali ni lile linaloweza kuhojiwa. Shule inayoleta simulesheni ili watoto watazame na kuamini imenunua ubao mwingine wenye rangi.

Niseme kwanza kile kinachofanya kazi vizuri. Mwaka 2002 Carl Wieman, aliyekuwa amepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka mmoja kabla, alianzisha mradi wa PhET katika Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder, Marekani. Miigo yao ni ya bure, hupakuliwa kama faili, hufunguka kwenye kivinjari bila intaneti, na kadhaa imetafsiriwa kwa Kiswahili. Mmoja unahusu molekuli na mwanga. Unachagua taa, unachagua molekuli, unawasha. Mwanga wa infraredi, ule tunaouhisi kama joto bila kuuona, unapita kwenye naitrojeni kana kwamba hapana kitu. Kwenye oksijeni unapita vilevile. Weka hewa ukaa: molekuli inaumeza mwanga, inatikisika, kisha inautupa upande wowote. Weka methani, mambo ni yale yale. Ndani ya dakika chache mtoto wa miaka 15 ameona kwa nini hewa, ambayo karibu yote ni naitrojeni na oksijeni, inaweza kupashwa joto na gesi zilizomo kwa kiasi kidogo sana. Miaka mingi mimi nililifundisha jambo hilo kwa mfano wa blanketi. Ulikuwa mfano mbaya. Blanketi huzuia hewa yenye joto isitoroke. Gesi hizi zinafanya kazi nyingine kabisa, na mwigo ule uliionyesha mbele ya macho yangu pia.

Hewa ukaa na methani ndizo gesi zilezile zilizolala chini ya ziwa letu. Nilitarajia darasa lichangamke. Wanafunzi waliandika kimyakimya majina ya molekuli kwa Kifaransa, lugha ya daftari zao, wakapiga mstari kwa rula, wakanisubiri. Nikafunga kompyuta nikauliza: mazuku ni nini?

Mikono ikapanda yote. Huyu mbuzi wake waliokotwa wamekufa kwenye bonde dogo la mawe ya lava, kuelekea Bulengo. Yule alikatazwa na bibi yake asipite mahali fulani asubuhi kabla upepo haujavuma. Mwingine alijua kwamba kuku na mbwa hutangulia kufa. Walijua mambo ambayo mwongozo wangu wa mwalimu hauna. Ila hakuna hata mmoja aliyejua kwamba mazuku ni hewa ukaa, ile ile waliyotoka kuiandika. Na hapa kuna jambo linaloniuma. Wanasayansi wa volkeno duniani huandika "mazuku" katika tafiti zao wanapoeleza gesi nzito inayojikusanya mabondeni, kwa sababu neno wamelichukua kwetu. Limesafiri mpaka kwenye majarida yao, na lilikuwa bado halijaingia kwenye daftari za darasa lililo kilomita chache tu kutoka kwenye mazuku yenyewe.

Somo lililofuata kompyuta ilibaki mezani, imezimwa. Nilileta beseni, siki, bikaboneti na mishumaa mitatu ya urefu tofauti. Mishumaa ikasimamishwa ndani ya beseni, ikawashwa, siki na bikaboneti vikachanganywa kandokando chini. Mshumaa mfupi ukazimika. Tukangoja, tukaongeza siki. Wa kati ukazimika. Mrefu ukaendelea kuwaka. Msichana mmoja wa mstari wa mbele akasema polepole, kama anayejisemea: "Ndiyo maana mbuzi anakufa, na mtu mzima aliyesimama anapita." Hewa ukaa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa ya kawaida, sikuhitaji kuiandika namba hiyo kabla hajaifikia mwenyewe. Tuliporudi kwenye mwigo wa molekuli, safari hii walikuwa wanauliza. Tangu siku hiyo nimeshika utaratibu wa kutanguliza beseni na kumalizia na skrini. Mtoto ambaye hajashika kitu chenyewe ataona kwenye kompyuta duara za rangi zikirukaruka na atazikariri kama alivyokariri namba.

Ubishi niliokuwa nautaka ulikuja siku ya moto.

Kuna programu ya bure inayoitwa NetLogo, iliyoundwa na Uri Wilensky na kutolewa mwaka 1999. Ndani yake mna maktaba ya modeli zilizo tayari, na mojawapo ni ya moto wa msitu. Skrini ni uwanja mweusi wenye miti ya kijani iliyotawanyika ovyo. Kitelezi kimoja kinaamua miti ni mingi kiasi gani kwa asilimia. Moto unawashwa ukingo wa kushoto, na swali ni moja: utafika kulia? Kabla sijabonyeza chochote niliwataka waandike utabiri kwa kalamu ya wino, na nikakataza kufuta. Wengi waliandika mambo yanayofanana: miti ikiwa asilimia 50 nusu ya msitu itaungua, ikiwa 60 itaungua zaidi kidogo, na kuendelea hivyo kama ngazi.

Tukaweka 57. Moto ulitambaa, ukahangaika huku na huku, ukafa. Tukarudia mara tano, na karibu kila mara ukafa. Tukaweka 62. Moto ukavuka uwanja mzima mpaka kulia, tena na tena. Darasa lilinyamaza. Kati ya 57 na 62 hapakuwa na ngazi, palikuwa na ukingo wa shimo, karibu na asilimia 59. Hili ndilo jambo gumu kuliko yote kufundisha katika mazingira, kwamba unaweza kuongeza kidogo, na kidogo, na kidogo, bila kuona dalili yoyote, kisha kidogo kinachofuata kikageuza kila kitu. Nilikuwa na furaha. Niliandika 59 ubaoni, nikaizungushia duara.

Kijana mmoja wa nyuma, ambaye kwao Masisi huchoma mashamba kila kiangazi, akanyosha mkono. "Mwalimu, huu moto haujui kona."

Sikumwelewa. Akaja mbele, akaweka kidole kwenye skrini. Moto wa ile modeli unakwenda kulia, kushoto, juu na chini peke yake. Mti ulioshikana na mwingine kwa pembe, kwa mshazari, hauwashwi. "Moto wa kwetu hauchagui," akasema, "na upepo ukija unaruka hata njia." Nikafungua maandishi ya programu, ambayo katika NetLogo yako wazi kwa kila mtu. Moto umeagizwa uwaendee majirani wanne. Agizo lenyewe ni neno la Kiingereza la majirani, na mwishoni limefungiwa tarakimu 4. Ukiifuta tarakimu hiyo, majirani wanakuwa wanane. Nikaifuta, tukaanza upya. Sasa moto ulivuka msitu wa asilimia 50 bila shida, ukavuka wa 45, na ukingo wa shimo tukaukuta karibu na 41.

Msitu ule ule, kompyuta ile ile. Tarakimu moja ilikuwa imekihamisha kizingiti kutoka 59 hadi 41, na upepo ulikuwa bado haujaingia. Ile 59 niliyoizungushia duara kama tabia ya misitu ilikuwa tabia ya karatasi ya miraba. Ukingo wenyewe ni wa kweli, huo haukuondoka. Mahali ulipo ndipo palipotegemea dhana ya aliyeandika, na dhana hiyo iligunduliwa na mtoto aliyewahi kushika tawi bichi kuzimia moto shambani kwao. Mwigo uliofungwa, ule wa picha nzuri usiokuruhusu kuona ndani, ungemnyima nafasi hiyo. Angerudi kwenye benchi akiwa amejifunza kwamba anachokijua yeye hakihesabiki.

Kuna watakaoniambia kwamba utafiti umekwisha kuonyesha miigo inafundisha vizuri, hata kushinda vifaa halisi. Nakubali sehemu yake. Mwaka 2005 watafiti wa Colorado walichapisha kazi maarufu: wanafunzi waliojifunza umeme kwa mwigo wa PhET walielewa saketi kuliko wenzao waliotumia nyaya na balbu za kweli, na hata walipopewa vifaa vya kweli baadaye walifanya vyema zaidi. Naiamini kazi hiyo. Lakini saketi ya betri na balbu mbili kanuni zake zimetulia zaidi ya karne moja, na anayeiiga hakisii kitu. Ziwa, msitu, samaki, mvua za Kalehe, hivyo vina namba ambazo bado zinatafutwa. Kuchukua sifa ya mwigo wa saketi na kuivika mwigo wa ziwa ni kosa, na ni kosa linalofanywa kila siku na wanaouza programu kwa shule.

Ziwa letu lenyewe limekwisha kuigwa kwa kompyuta, tena kwa umakini mkubwa, mbali na hapa. Taasisi ya Uswisi ya utafiti wa maji, Eawag, inatumia modeli iitwayo Simstrat, na kuna toleo lililotengenezwa kwa ajili ya Kivu peke yake. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kwamba methani katika maji ya chini ilionekana imeongezeka kwa asilimia 15 hadi 20 ndani ya miaka 30, na kwamba kwa mwendo huo ziwa lingeweza kufikia kujaa gesi ndani ya karne hii. Goma habari hiyo ilitufikia kama hofu tupu. Mwaka 2018 timu za nchi mbalimbali zikaja kupima pamoja kwa vyombo tofauti, ili kila chombo kihakikiwe na kingine. Matokeo yalichapishwa mwaka 2020: viwango vya gesi viko karibu kutulia, na hakuna ushahidi kwamba hatari inazidi kupanda. Gesi ipo pale pale, na hatari ipo pale pale. Kilichobadilika ni namba moja, ile ya kasi ya kuongezeka, na pamoja nayo ikabadilika tarehe ya maangamizi ambayo watu walikuwa wameibeba vichwani.

Kwangu huu ni mtaala mzima. Nani alipima, kwa chombo gani, na ukibadilisha namba hiyo kwenye kitelezi kinatokea nini baada ya miaka 50? Mwanafunzi aliyeona 59 ikigeuka 41 hatashangaa kusikia kwamba wataalamu walirekebisha hesabu yao, wala hatakimbilia kusema wanatudanganya. Mei 2021 nilisikia maneno hayo barabara nzima: hawa wanasayansi wanatudanganya. Watu hawakuwa wajinga. Hakuna aliyekuwa amewaonyesha hesabu hubadilika kwa njia gani.

Na yule mama? Jibu lake ninalo sasa, nalo lingekaa kwenye skrini ya simu. Maji ya chini kabisa ya Kivu ni ya vuguvugu kuliko ya juu yake, na kwa kawaida maji ya vuguvugu hupanda. Haya hayapandi kwa sababu yamebeba chumvi na hewa ukaa iliyoyeyuka, yakawa mazito, yakalala chini kama sharubati chini ya glasi. Mpaka mkubwa kati ya matabaka uko karibu na mita 260. Kila mita 10 ukishuka, presha ya maji huongezeka kwa kiasi kinacholingana na presha ya hewa yote iliyo juu yetu, na presha hiyo ndiyo kifuniko cha chupa. Methani, ingawa ni kidogo kuliko hewa ukaa, ndiyo inayosukuma zaidi, kwa kuwa huyeyuka kwa shida. Leo msukumo wa gesi zote kwa pamoja bado uko chini ya presha ya maji. Mama, gesi inangoja kitu cha kuyainua maji hayo juu sana kwa mara moja. Yakiinuka yatatoa mapovu, mapovu yatavuta maji mengine, na hapo hayasimamishiki. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ziwa Nyos nchini Kamerun tarehe 21 Agosti 1986, watu wapatao 1,700 wakafa usiku mmoja kwa hewa ukaa. Na Januari 2002 lava ya Nyiragongo ilipita katikati ya mji wetu ikaingia ziwani, na tabaka za chini hazikuamka.

Fikiria mwigo wenye vitelezi vitatu kwa ziwa hili: kiasi cha gesi, joto linaloingizwa chini, na kina. Ongeza cha nne, ambacho ndicho kinachobishaniwa kweli kweli. Upande wa Rwanda, mtambo wa KivuWatt unavuta maji ya chini, unatoa methani, unazalisha megawati 26. Maji yaliyobaki yarudishwe kina gani? Ukiyaachia karibu na juu, virutubisho vyake vitastawisha mwani na kuvuruga maji ya samaki. Ukiyarudisha chini bila uangalifu utaizimua gesi iliyobaki au utaulegeza ule mpaka unaotulinda. Huko Nyos walitumbukiza bomba mwaka 2001, na maji yakaruka juu mita 50 hivi yakisukumwa na gesi yake yenyewe, bila pampu kuendelea kufanya kazi. Mtoto wa Goma, Bukavu au Gisenyi akichezea mambo haya kwa saa moja ataweza kukaa kikao cha watu wazima na kuuliza swali linalofaa. Mwigo huo wa shule sijauona popote. Modeli zipo, wahandisi vijana wa hapa wanaojua kuandika programu wapo, na waliopima ziwa wanajulikana kwa majina. Ni nani amewahi kuwakalisha meza moja na mwalimu wa sekondari?

Badala yake tunaletewa dunia nzima. Kuna mwigo unaosifiwa sana, En-ROADS, wa shirika la Climate Interactive na shule ya biashara ya chuo kikuu cha MIT, Marekani. Unasogeza bei ya kaboni, unasogeza ukataji wa misitu, joto la mwaka 2100 linapanda na kushuka. Ni kazi nzuri na nimeitumia. Lakini wanafunzi wangu waliuliza hicho kitelezi cha misitu kinashikwa na nani. Hapa Goma mkono unaokisogeza ni bei ya gunia la makala, ule mkaa unaotoka hifadhi ya Virunga, ikilinganishwa na bei ya umeme na ya gesi ya kupikia. Mama anayepikia watu saba hataki kuusikia mwaka 2100 kabla ya kuona safu ya wiki hii.

Kuna jambo lingine, na nalisema kwa uzito kwa sababu nilikosea. Nilionyesha darasani mwigo wa lava ikishuka kuelekea mji, ramani yenye mitaa yetu, wekundu ukisogea. Mwanafunzi mmoja aliinuka akatoka. Nyumba yao ilifunikwa mwaka 2021. Nilimkuta amekaa kwenye ukuta wa mawe nyuma ya madarasa, hakutaka kusema. Kuanzia hapo sianzi na maangamizi. Naanza na swali la kuzuia, bomba la Nyos, njia za kuhama, mahali hewa nzito inapojikusanya, na namwambia kila mmoja mapema kitakachoonekana ili anayetaka kutoka atoke kwa heshima yake. Wanaotengeneza miigo wakiwa mbali hufikiri kwamba mtoto anacheza na hatari asiyoijua. Watoto wetu wengi wanaijua kwa harufu.

Kuhusu vifaa nitasema kwa kifupi, maana kila mtu analijua tatizo. Nimefanya kazi mahali palipoletewa kompyuta kumi na wafadhili, zikafungiwa chumbani, ufunguo kwa prefe, yaani mkuu wa shule, programu imefungwa kwa neno la siri ambalo hakuna aliyelijua. Miaka miwili. Haya ninayoyaeleza nimeyafanya kwa kompyuta moja ya mkononi iliyotumika, projekta ya kuazima, na betri iliyochajiwa usiku umeme uliporudi. Faili za PhET hukaa kwenye flashi. Ipo pia Kolibri, programu ya bure inayosambaza masomo kutoka kompyuta ndogo hadi simu za darasa zima bila intaneti. Na mahali ambapo hata hivyo havipo, jedwali la hesabu kwenye kompyuta ya sekretari wa shule linatosha, kwa sababu mwigo bora niliowahi kuutumia tuliutengeneza humo sisi wenyewe.

Ulikuwa wa sambaza, wale samaki wadogo. Wanafunzi waliamini samaki hao wako Kivu tangu uumbaji. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Tuliandika kila mstari kuwa mwezi mmoja: samaki waliopo, waliozaliwa, waliovuliwa, waliobaki. Namba za kuzaliana na za nyavu tulizikisia na tukaandika pembeni, kwa wino mwekundu, "kisio". Tukavuta fomula mpaka chini. Samaki wakaisha mwezi wa 14. Wavulana wakaanza kubishana kuhusu nyavu za chandarua zinazokusanya hata vitoto, na tukawa tunaongeza safu kwa ajili ya vitoto, pale msichana ambaye mama yake anauza sambaza aliposimama.

"Mmevua siku 30," akasema. "Nani anavua mbalamwezi ikiwa kubwa?"

Alikuwa sahihi. Ile mitumbwi mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu huvua usiku kwa taa, na taa haiwaiti samaki mwezi ukiwa unang'aa. Siku hizo ndoo hupanda bei, mama yake hununua nusu, wakati mwingine hanunui kabisa. Tukaingiza mbalamwezi kwenye jedwali. Kwa zile namba zetu za kukisia, samaki hawakuisha mwezi wa 14 tena. Walipungua, wakasimama, wakapungua tena polepole. Darasa likapiga makofi. Yeye hakupiga. Alitaka kujua tumetoa wapi siku 20 tulizoandika badala ya 30, na kama mvua na upepo mkali havimo.

Jumatatu alikuja na ujumbe kutoka nyumbani. Mama yake huandika kila ununuzi kwenye daftari dogo, tarehe, idadi ya ndoo na deni, na amekubali tulinakili mradi majina ya wadaiwa yafunikwe kwa karatasi. Tumefika mwezi wa Machi. Kuna wiki mbili ambazo hazina ndoo hata moja ingawa mbalamwezi ilikuwa ndogo, na hatujajua bado kama ilikuwa upepo, ugonjwa, au zile siku ambazo barabara ya kwenda Kituku ilifungwa. Msichana amezipaka rangi ya njano, na amesema atauliza.